Ukifika Bangkok, ung'eng'e wako uweke mfukoni

Mpenzi msomaji, hapa mjini kwetu Tanga ukitaka kuheshimika upesi huhitaji gari wala nyumba ya ghorofa. Chapa ung'eng'e tu. Panda daladala la kwenda Raskazone, pokea simu, ongea Kiingereza dakika mbili kwa sauti ya juu, halafu tazama watu wanavyokugeukia. Hata kama huyo unayezungumza naye ni mdogo wako anayekuomba hela ya vocha, wewe umeshakuwa msomi.

Ndivyo tulivyolelewa. Tangu shule ya msingi tunaambiwa Kiingereza ni lugha ya dunia, na kwamba mwenye kukijua hapotei popote. Mimi siwapingi waalimu wangu, kwanza wamenifundisha kwa shida. Lakini dunia ni kubwa bwana, na iko miji ambayo Kiingereza ukikitoa mfukoni wanakutazama kama umetoa noti ya zamani iliyoondolewa kwenye mzunguko.

Mmojawapo ni Bangkok, mji mkuu wa Thailand. Kwa wafanyabiashara wetu wa nguo huo si mji wa kwenye ramani, ni mji wa kwenda na kurudi. Zile pamba unazoziona zimetundikwa kwenye maduka, magauni ya mitoko, blauzi za kung'aa, suruali za akina dada ambazo muuzaji anakuapia kwamba "hii ya Bangkok, si ya pale penyewe", nyingi zimeanzia safari yake mtaa mmoja unaoitwa Pratunam. Hapo ndipo lilipo ghorofa la Baiyoke la mita 304, lililokamilika mwaka 1997, na chini yake kuna vichochoro vya nguo usipime. Jirani tu kuna jengo la maduka la Platinum lililofunguliwa mwaka 2005, ambako ukinunua kipande kimoja unalipa bei ya rejareja, ukichukua vitatu na kuendelea bei inashuka.

Basi mwaka 2023 shangazi yangu, mwenye duka la nguo Ngamiani, akasema amechoka kuchukua mzigo wa jumla Kariakoo na kumtajirisha mtu wa kati. Anataka akachukue mwenyewe kwenye chimbuko. Shangazi elimu yake ni darasa la saba. Akautazama ukoo mzima, akaona mwenye cheti cha fomu foo na Kiingereza chenye C ni mimi. Nikapandishwa cheo hapohapo, nikawa mkalimani.

Usicheke. Mtaji ulikuwa dola 4,000. Nusu aliipata kwa kuuza kiwanja cha Pongwe, nusu ni mkopo wa kikundi cha akina mama wenzake wa kuweka na kukopa. Maana yake mzigo ukienda kombo, hapotezi pesa tu, anapoteza na uso wa kuwatazama akina mama ishirini wanaomwamini. Alinikalisha sebuleni akaniambia, "Mwanangu, mimi mdomo wangu utakuwa wewe. Ukiteleza wewe, nimeanguka mimi." Usiku ule sikulala.

Tulitoka Tanga kwa basi, Segera, Chalinze, Dar, tukapanda ndege kupitia Addis Ababa. Huko kote ung'eng'e ulikuwa unakubali. Tulipotua Bangkok, uwanja wenyewe ukaanza kunipa salamu. Kwenye tiketi umeandikwa Suvarnabhumi. Nilikuwa nimeshalifanyia mazoezi lile jina kama mtu anayekwenda kula kiapo. Kumbe wenyewe wanatamka Suwannapum! Na hata hilo jina Bangkok wao kwa wao hawalitumii sana, mji wao wanauita Krung Thep, na jina lake kamili ni refu kiasi kwamba likiandikwa kwa herufi tunazotumia sisi linafika herufi 168. Nikajisemea, hapa kazi ipo.

Tukaingia kwenye teksi. Nikamtajia dereva jina la hoteli kwa Kiingereza changu kizuri cha darasani. Akatikisa kichwa, "krap, krap," lakini gari haliondoki. Nikarudia polepole. "Krap, krap." Gari limetulia kama limepigwa picha. Shangazi akafungua pochi, akatoa karatasi ambayo watu wa hoteli walitutumia tukaichapisha kabla ya safari, yenye anwani kwa maandishi yao. Dereva akaisoma, akacheka, akatia gia. Baadaye nikaja kujua kuwa "krap" si lazima iwe ndiyo. Ni neno la adabu tu ambalo mwanamume anatia mwisho wa maneno yake, na mwanamke anasema "ka". Ni kama kukwambia "nakusikia, mheshimiwa". Kukusikia anakusikia, kukuelewa ni habari nyingine.

Sasa msomaji wangu, nilipotulia nikajiuliza, kwa nini watu wa mji mkubwa namna hii hawakijui Kiingereza? Jibu ni jepesi. Thailand, ambayo mpaka mwaka 1939 ilikuwa ikiitwa Siam, haikuwahi kutawaliwa na Mzungu. Sisi hapa Tanga alikuja Mjerumani akatuachia neno "shule", baada ya Vita Kuu ya Kwanza akaja Mwingereza, naye akatuachia sekondari zinazofundisha kwa lugha yake mpaka leo, wakati yeye mwenyewe aliondoka mwaka 1961. Wenzetu wanasoma kwa Kithai, wanatibiwa kwa Kithai, wanashitakiana kwa Kithai, na Kiingereza ni somo kama jiografia. Kwa hiyo muuza nguo wa Pratunam hana deni la Kiingereza kwa mtu yeyote. Kiasi anachokijua kakiokota sokoni, kwa wateja.

Na kukiokota amekiokota, ila amekikata apate kukivaa. Sisi Waswahili tuna tabia moja, hatuwezi kuliacha neno lining'inie bila irabu mwishoni. "Hotel" tunaipa i inakuwa hoteli, "bill" inakuwa bili, "bus" inakuwa basi. Wenzetu ni kinyume. Midomo yao haimalizii neno kwa l wala kwa s. L ya mwisho inageuka n, s inageuka t au inadondoka kabisa. Kwa hiyo hoteli kwao ni "hoten", bili ni "bin", basi ni "bat", na pikipiki, ile "motorcycle" ya Mwingereza, wao ni "motosai", mkia wote umebaki barabarani. Sasa piga picha, neno limetoka London likiwa zima. Mimi wa Tanga nimelishonea mkia, yeye wa Bangkok amelikata mkia wake, halafu tunakutana sokoni kila mmoja anaamini anaongea Kiingereza!

Ndiyo maana siku ya kwanza Pratunam mkalimani alitoka jasho. Nilikuwa nimeandaa sentensi zangu safi, zile za "Excuse me, would you mind telling me". Dada wa duka ananitazama kwa huruma. Shangazi akanisogeza pembeni kwa kiwiko, akashika gauni, akanyoosha vidole viwili, akatoa macho ya kuuliza. Dada akachukua kalkuleta, akabonyeza 250. Shangazi akaichukua kalkuleta ile, akafuta, akabonyeza 150. Dada akashika moyo kama amechomwa mkuki. Shangazi naye akashika kiuno. Wakaenda hivyo mpaka 180. Biashara imekwisha, hakuna aliyetamka hata neno moja la Malkia.

Nikaanza kumwangalia shangazi kwa jicho jingine. Yule mama wa darasa la saba alikuwa anaelewa Kiingereza cha Pratunam kuliko mimi. Kwa nini? Kwa sababu kile ni Kiingereza cha watu wanaofikiri kwa lugha yao, kama sisi tunavyofikiri kwa yetu. Dada akisema "no have", mimi natafuta kiima kiko wapi. Shangazi anasikia "hakuna". Dada akisema "same same", mimi nakumbuka fimbo ya mwalimu. Shangazi anasikia "sawasawa", kwa sababu Kithai nacho kinapenda kurudia neno, kama sisi na polepole yetu, vilevile yetu, mbalimbali yetu. "Can?" ni "inawezekana?" na jibu ni "can" au "no can". Hakuna jana wala kesho ndani ya kitenzi, hakuna wingi. Kiingereza kimevuliwa koti na tai kikabaki na fulana.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wa ung'eng'e linatusumbua maisha, la kujibu swali la kukanusha. Tulikuwa tunatafuta magauni ya wale dada zetu waliojaaliwa, si unajua tena Tanga. Nikauliza kwa Kiingereza, "Hamna saizi kubwa zaidi?" Dada akajibu, "Yes." Nikamgeukia shangazi, "Amesema ndiyo." Shangazi akaniuliza hapohapo, "Ndiyo zipo, au ndiyo hazipo?"

Ah, swali la mtu mzima! Mwingereza ukimuuliza "huna?" akajibu "yes", ana maana anacho. Sisi ukituuliza "huna?" tunajibu "ndiyo, sina". Na Mthai anafanya vilevile kama sisi. Yaani hapo watu wawili walikuwa wanaelewana kabisa kwa lugha zao, na aliyesimama katikati kuwatia shaka ni Kiingereza. Tokea pale nikaacha kuuliza kwa kukanusha. Naonyesha gauni, napanua mikono, "big, have?" "Have." Tunasonga mbele.

Basi bwana, dada yule wa magauni ya baht 180 tukamwekea oda ya dazeni 20. Siku hizo dola moja ilikuwa kama baht 35. Piga hesabu, vipande 240 mara 180 ni baht 43,200, zaidi ya dola 1,200. Tukalipa nusu, nusu tutalipa akileta mzigo hotelini, siku yetu ya mwisho. Ndege ilikuwa inaondoka saa nane na nusu usiku, kwa hiyo saa tano usiku tuwe tumeshafika uwanjani. Nikamuuliza, utaleta saa ngapi? Akafikiri kidogo, akatabasamu, akasema, "Three, night."

Moyo ulinilipuka. Kwa Kiingereza nilichofundishwa, "three" ya usiku ni saa tisa usiku wa manane, na hiyo saa sisi tuko angani, nusu ya pesa anayo yeye na magauni anayo yeye. Nikamwambia shangazi neno kwa neno, "Amesema tatu, usiku." Shangazi wala hakushtuka. Akasema, "Saa tatu usiku, basi si ndiyo vizuri, tutapata muda wa kufunga." Nikamweleza kwamba saa tatu yetu ni tisa ya Waingereza, na huyu anaongea Kiingereza. Shangazi akanijibu, "Huyu haongei Kiingereza, mwanangu. Anaongea lugha yake kwa maneno ya Kiingereza. Mpe kalkuleta aandike."

Dada akapewa kalkuleta. Akabonyeza 2100. Saa ishirini na moja kamili. Saa tatu usiku!

Msomaji, nywele zilinisisimka. Nikamuuliza kijana wa mapokezi pale hotelini, aliyekijua Kiingereza vizuri, akanifafanulia. Kumbe Wathai wana saa zao za mazungumzo ya nyumbani, na jioni wanaanza kuhesabu baada ya saa kumi na mbili, vilevile kama sisi. Saa moja usiku yetu kwao ni moja ya usiku, saa mbili ni mbili, saa tatu wanaita "sam tum", na "sam" ni tatu. Wanakwenda hivyo mpaka saa tano. Hata asubuhi, kwa mtindo wao wa zamani, saa mbili asubuhi ni mbili ya asubuhi. Tunakuja kuachana baada ya adhuhuri na baada ya usiku wa manane, ambapo sisi tunasema saa saba na wao wanaanza upya na moja.

Hebu tafakari hapo. Mtu wa Tanga anatoa saa tatu yake, anaigeuza kuwa tisa ya Mwingereza. Mtu wa Bangkok anaipokea ile tisa, anaigeuza kuwa tatu yake. Tumezunguka mpaka London na kurudi, wakati nyumba zetu zinatazamana! Mzigo ulifika saa tatu kasoro dakika kumi, dazeni 20 kamili, shangazi alihesabu mara mbili. Nikaona anafuta macho kwa ncha ya mtandio, akasingizia vumbi la maboksi.

Vituko vya namba havikuishia hapo. Katikati ya wiki, shangazi alinituma nimwandikie dada yule kwenye simu kwamba ampunguzie tena kidogo, asije akalala njaa huko kwao. Jibu likaja, 555. Shangazi akaruka kitandani. "Tumekubaliana 180, leo 555!" Nikaandika kwamba shangazi amekasirika. Likaja jibu jingine, 5555. "Mgosi, sasa zimekuwa elfu tano! Twende tukarudishiwe hela!" Kijana wa mapokezi alipoulizwa akacheka mpaka akakaa chini. Tano kwa Kithai ni "ha". Kwa hiyo 555 ni "hahaha". Mwenzetu alikuwa anacheka tu masikini. Na risiti yetu je? Iliandikwa mwaka 2566. Wao wanahesabu miaka ya Kibudha, imetangulia yetu kwa miaka 543. Shangazi akauliza kama hayo magauni yatakuwa tayari sisi tuko hai.

Lakini kitu kilichoshusha bei kweli kweli havikuwa vidole wala kalkuleta. Yalikuwa majina ya heshima. Wathai, kama sisi, hawamwiti mtu hivihivi. Anayekuzidi kidogo umri unamwita "pi", yaani kaka au dada. Mdogo wako ni "nong". Mama wa makamo ni "pa", ni kama kusema shangazi, na mzee wa kiume ni "lung", mjomba. Hata kama hamjawahi kuonana. Mimi siku mbili nzima nilikuwa nawaita "madam" na "sir", wanabaki kunitazama kama karani wa benki. Shangazi aliposikia habari ya "nong" akaipenda. Kila dukani akiingia, "Nong! Nong!" huku anamshika mkono kama anamsalimia mwali wa Makorora. Wasichana wanacheka, nao wanamwita "Mama". Kiti kinaletwa, maji yanaletwa, bei inateremka yenyewe. "Madam" ya Mwingereza ingeyafanya wapi hayo?

Sina maana kwamba Kithai ni chepesi, usije ukajidanganya. Ni lugha ya kupandisha na kushusha sauti, toni tano, na ukikosea toni umesema kitu kingine. Neno "klai" ukilitamka kwa sauti tambarare ni mbali, ukiliteremsha ni karibu. Sasa mtu umepotea, unauliza, "Ni mbali au karibu?" na neno ni hilohilo! Siku hiyo tulimwuliza dereva wa motosai, wale wanaovaa vizibao vya rangi ya chungwa, bodaboda wao. Nilipoona tunazungushana, nikamwonyesha vidole, dakika tano? dakika kumi? Akanyoosha viwili. Tukatembea. Na herufi zao ziko 44 za konsonanti peke yake, maneno yameshikana bila nafasi kama gunia za mkonge bandarini. Halafu wageni wa Kizungu wanaitwa "farang", na mapera nayo ni "farang". Shangazi yeye akasikia faranga, mtoto wa kuku. Kila akipita Mzungu anamnong'oneza kwa huruma, "Masikini, kifaranga."

Ipo na simu ya kutafsiri, najua utaniuliza. Tuliitumia. Kwa anwani na majina ya vitambaa inasaidia. Kwa maneno ya sokoni inaweza kukuaibisha. Shangazi aliiambia kwa Kiswahili, "Shusha kidogo tufanye biashara," simu ikatamka kitu, dada akatazama chini ya meza kama kuna kitu kinatakiwa kushushwa. Tukarudi kwenye kalkuleta.

Na usidhani huko Kiswahili hakina kazi. Pratunam ukitulia ukasikiliza, utamsikia mama wa Bukavu, dada wa Mombasa, kijana wa Moroni na Mganda wa Kampala, wote wanaulizana kwa Kiswahili, kila mmoja na chake, duka gani lina bei nzuri na mtu gani wa kago hachelewi. Taarifa za maana tulizipata humo, si kwenye ung'eng'e. Chakula nacho tulikipata kwa lugha nyingine kabisa. Mtaa wa Phetchaburi, Soi ya 7, kuna msikiti na mama lishe wa Kiislamu pembeni. Shangazi alisema "Assalaam alaykum", akajibiwa kwa ukamilifu, wali na kuku wakaja. Hapo mkalimani alikuwa anakula tu.

Sisi watu wa Tanga jambo hili lisingetushangaza. Mji huu umejengwa na watu wasiojuana lugha, Mdigo, Mbondei, Msambaa, Mzigua, Mwarabu, Mhindi, na yule Mgiriki wa mashamba ya mkonge. Mgiriki hakungoja manamba wajue Kigiriki. Alijifunza Kiswahili akaita watu kazini. Hata Wathai wenyewe walishapita njia hiyo huku kwetu. Yalipofumka mawe ya Tunduru miaka ya 1990, wanunuzi wa Kithai walikuja wenyewe. Na bonde la Umba, mkoani kwetu hapa, jina lake linajulikana na wauza vito wa Bangkok kuliko linavyojulikana na vijana wa Chumbageni. Mtu anayetaka jiwe hangoji kozi ya lugha. Anajifunza "bei gani" na "punguza", anatoa tochi yake, kazi inaanza.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kwenda huko, nakuachia machache. Anwani ya hoteli uwe nayo kwa maandishi ya Kithai. Jifunze namba zao moja mpaka kumi, mchana mmoja unatosha. Miadi yoyote na bei yoyote iandikwe kwa tarakimu, saa iandikwe ya 24. Usiulize kwa kukanusha. Sauti usipandishe, kwao anayefoka ndiye aliyeshindwa. Kichwa cha mtu usikiguse hata kwa utani, na habari za mfalme wao usizitie mdomoni kwa mzaha, sheria yao inaweza kukufunga miaka 3 mpaka 15. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikisahau. Na mtu akikuomba umbebee kabegi kadogo tu ukampe ndugu yake, kataa kwa lugha unayoijua vizuri kuliko zote. Nchi ile haina mchezo na dawa za kulevya, na mahakamani kwao shauri linasemwa kwa Kithai.

Kiingereza kisome, ndugu yangu. Kijana wa mapokezi bila Kiingereza asingetueleza siri ya saa tatu. Ila kichukue kama panga la shambani. Ukifika mahali hakikati, weka chini, shika jembe. Wapo wenzetu wengi wenye mitaji, wenye akili ya biashara kuliko wenye digrii, wanaogopa kutoka nje ya Segera kwa sababu tu wanaambiwa "hujui Kiingereza wewe, utapotea". Shangazi yangu hakijui, na hakupotea. Yale magauni yaliisha kabla ya Idi, mkopo wa akina mama ukarudi wote, na sasa hivi kuna wenzake wawili wa kikundi wanatafuta pasipoti.

Juzi nimempitia dukani, nikamwuliza kiutaratibu kama safari ijayo tunaondoka lini, nianze kunoa lugha. Akanitazama, akacheka, akasema, "Mwanangu, nimeshajua kusema nong, nimeshajua kalkuleta iko wapi. Nauli yako safari hii nitanunulia mzigo."

Tukutane wiki ijayo, Inshallah.